Ukichimba msingi Uingereza ukakuta vigae vya Kirumi: jinsi ya kuomba viandikishwe

Mtu anayeongeza chumba nyuma ya nyumba yake Colchester au York anaweza kukutana na vigae vya Warumi kabla shimo la msingi halijakamilika. Warumi walitawala huko tangu mwaka 43 hadi karibu 410, na vyungu walivyovunja vingali ardhini.

Vyekundu vyenye kung'aa vililetwa kutoka Gaul, Ufaransa ya leo, na vingine vina mhuri wa mfinyanzi. Vyeusi vilivyosuguliwa vingi vilifinyangwa Dorset. Kipande kinene chenye changarawe upande wa ndani ni cha bakuli la kupondea. Vigae vya paa navyo vimo: tafuta ukingo ulioinuka, na pengine unyayo wa mbwa aliyepita udongo ukiwa mbichi. Mimi hufurahia huo unyayo kuliko mhuri wowote.

Kwanza kabisa, mwambie fundi asimame. Kigae kilichobanwa ukutani mwa shimo msikifukue. Kikiwa peke yake kinasema tu kwamba chungu kilivunjika. Mahali pake ndipo panapoonyesha kama hapo palikuwa jaa, jiko au kaburi. Kwa hiyo piga picha kigae kikiwa palepale, rula ikiwa kando. Pima kina kutoka usawa wa ardhi, na umbali kutoka kona ya nyumba. Andika rangi ya udongo. Vile vilivyokwisha kutoka, vitie kwenye mfuko wenye tarehe na kina, wala usivisugue, kwa maana masizi ya jiko la kale huenda bado yameshika.

Halafu soma kibali chako cha ujenzi. Kikiwa na sharti la akiolojia, mpigie mwanaakiolojia aliyeteuliwa, na halmashauri ijulishwe. Gharama ni ya mwenye ujenzi. Pasipo sharti hilo, kuandikisha vigae vya kawaida ni hiari. Kama kiwanja kimo ndani ya eneo la kale linalolindwa kisheria (scheduled monument), idhini hutakiwa kabla ya kuchimba.

Maombi yenyewe ni mepesi na hayalipiwi. Mradi wa Portable Antiquities Scheme, wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na watu wa kawaida, unaosimamiwa na British Museum kwa upande wa England, una maofisa wa mikoa. Utampata wako kwenye finds.org.uk. Mtumie barua pepe yenye picha, vipimo, tarehe, kazi mliyokuwa mkifanya, na namba ya gridi, yaani ya mahali kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la huko, yenye tarakimu 8 au zaidi. Taja pia mwenye ardhi, kwa sababu vigae ni mali yake, si ya mpangaji wala ya fundi. Aliyezoea sheria ya Kenya ya 2006, ambayo mambo ya kale ni ya serikali, hili litamshangaza. Ofisa akitaka kuviazima avichunguze, omba stakabadhi. Mahali hasa hapaonyeshwi kwa umma.

Ukikuta chungu chenye sarafu, usikimwage! Kigae peke yake si hazina, lakini sarafu mbili za dhahabu au fedha zenye zaidi ya miaka 300, au kumi za shaba, zikiwa pamoja ni hazina kwa sheria ya hazina ya Uingereza ya 1996 (Treasure Act), na chungu chake huhesabiwa nazo. Koroneri, yule ofisa achunguzaye vifo, ndiye apelekewaye taarifa ndani ya siku 14, na ofisa wa mkoa atakusaidia kuiandika. Kunyamaza kunaweza kukufunga hadi miezi mitatu. Mifupa ya binadamu ikitokea, acheni kila kitu mwite polisi.

Scotland ina utaratibu wake: huko hata kigae kimoja huripotiwa kwa Treasure Trove Unit, ofisi ya vitu vya kale vilivyookotwa, Edinburgh.

Vikishaandikishwa utapewa namba ya kumbukumbu. Iandike kwenye mfuko wa vigae, na nakala iweke pamoja na hati za nyumba, ili atakayeinunua ajue kilichotoka chini ya jiko lake na kina gani kilikuwa.