Tangi la matumbawe nyumbani ukiwa Unguja: nini uchukue baharini na nini ukiache huko huko

Kila mgeni akiingia sebuleni kwangu akaona tangi, swali lake ni lile lile, "haya umeyachuna wapi?" Yaani mtu akishajua unakaa kisiwani anaona bahari ni shamba lako, maji yakipwa unashika ndoo unateremka unarudi na mwamba mzima. Mi mwenyewe nlianza hivo hivo, sitajifanya mjanja. Mwaka wangu wa kwanza hapa nliteremka na ndoo asubuhi ya bamvua, nikavunja kipande cha yale ya pembepembe, Acropora, ukubwa wa kiganja, kahawia na ncha za buluu, nikakimbia nalo nyumbani kama mwizi wa kuku. Siku ya tatu ngozi ikaanza kuambuka kama kamasi, ya tano limebaki mfupa mweupe na sebule nzima inanuka kaa aliyekufa juzi, mke wangu akauliza kwa upole kabisa lile tangi likiuzwa linaweza kupata bei gani.

Nlichokuja kuelewa baadae ni kwamba nlikuwa nawaza kinyume. Tumbawe linapandwa kama muhogo. Hung'oi shamba la mtu, unapata kijiti kimoja, unakichomeka, unasubiri, kikikua unakata tena. Kwa hiyo kitu ambacho kisiwa kinakupa sio matumbawe, ni maji. Wenzetu wa Ulaya wananunua chumvi ya magunia na kuikoroga na kuipima kila wiki, sisi bahari ipo hapo nyuma ya nyumba inakuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Ukianza na maji, mengine yote yanakaa sawa.

Tumalize kwanza habari ya ruhusa maana wengi wanaruka hapa. Kutoka Mbweni unakiona kisiwa cha Chumbe pale na mnara wake, mwamba wake haujavuliwa tangu 1994 na una aina zaidi ya 200 za matumbawe magumu, pale hata usiulize. Ghuba ya Menai ni hifadhi tangu 1997, Mnemba 2002, ukienda Pemba upande wa magharibi kuna hifadhi ya mkondo tangu 2005, Mafia ndo usiseme, bustani ya bahari toka 1995. Sasa piga hesabu ufukwe uliobaki. Na hata nje ya hifadhi, kabla hujagusa chochote nenda kwa bwana diko wa pale unaposhukia, yeye atakupeleka kwenye kamati ya wavuvi ya shehia na kwa watu wa idara ya uvuvi, waulize wazi wazi nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Kwa tumbawe hai jiandae kusikia hapana. Ukiambiwa hapana usianze kumzunguka mtu kwa soda. Kuna sehemu pia wanafunga mwamba miezi mitatu hivi ili pweza wakue, kama Kizimkazi, wakina mama wamejinyima wenyewe kitoweo na hela, halafu we unapita katikati na ndoo yako na miwani ya kuogelea... hapana jamani.

Na wale wenye ndugu Muscat na Dubai wanaoagiziwa "niletee tumbawe zuri la kuweka mezani", usibebe. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea pori, hata mfupa mkavu usio na uhai, bila kibali wanakutoa kwenye foleni uwanja wa ndege. Chaza wale wakubwa wanaokaa kwenye mwamba nao wamo humo humo.

Haya, tangi. La dukani ni bei mbaya na likisafiri kwa boti linafika na ufa, nenda kwa fundi vioo akukatie, sentimita 100 kwa 50 kwa 50, kioo cha milimita 10, hiyo ni lita 250. Silikoni iwe ile tupu isiyo na dawa ya ukungu, mafundi wengi wana ile ya bafuni na ile inaua, simama hapo hapo usome kopo. Aache wiki nzima ikauke. Likijaa na mawe ndani ni zaidi ya kilo 300, kwa hiyo kama unakaa ghorofa ya juu Mji Mkongwe kwenye sakafu ya boriti, sahau, weka chini au utamtembelea jirani kupitia dari yake. Nyuma weka tangi dogo la kuchujia na skima, ile mashine ya mapovu inayotoa uchafu, ndani pampu mbili za kuzungusha maji zinazotazamana, matumbawe bila mkondo yanajifunika uchafu yanaoza. Taa ni LED za buluu na nyeupe za matangi ya bahari, taa ya kawaida ya dukani itakukuzia mwani tu.

Maji sasa. Chota maji yakijaa, sio yakipwa, maana yakipwa unachota kilichotoka kwenye mikoko, mabomba ya mahoteli na vyoo vya watu. Bora zaidi umlipe mtu wa ngalawa akupeleke nje ya mwamba, madumu 12 ya lita 20 yanatosha kuanzia. Madumu yawe ya mafuta ya kula yaliyooshwa sana au mapya, dumu lililowahi kubeba dizeli au dawa ya shamba halisafishiki hata ukisugua mpaka kesho. Mvua za masika zikipiga usichote kwa siku kadhaa, maji yanakuwa mepesi na machafu. Ukifika nyumbani chuja kwa kitambaa kizito, yaweke kizani kwenye pipa lenye kifuniko wiki moja au mbili na pampu ya hewa, vijidudu vinavyoelea vinakufa na uchafu unatua chini, halafu unachota ya juu. Pima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, unataka 35 kwa elfu. Usipitishe maji hayo kwenye bomba la shaba wala kuyaweka kwenye ndoo ya bati, shaba kidogo tu inaua konokono na kaa wote, na matumbawe yanafuata.

Kila wiki unabadilisha asilimia 10 hadi 15. Ila kuna kosa moja watu wa kisiwani tunalifanya sana, tangi likipungua tunajazia maji ya bahari. Kinachoondoka na joto ni maji matamu peke yake, chumvi inabaki, ukijazia ya chumvi baada ya mwezi unakuwa umetengeneza kachumbari. Pungufu jazia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando yakatoka matupu, sio ya kisima maana visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa chokaa vinabeba mengi, na sio ya mvua iliyopita kwenye mabati.

Mawe: usitoe mwambani. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya matumbawe ya kale, yale mawe yanayojengea kuta na yanayouzwa na wachimbaji huko ndani ya kisiwa ndo hayo hayo, makavu, mepesi, yana matundu. Chagua yenye matundu mengi, sugua kwa brashi, loweka mwezi mzima ukibadilisha maji, yakiacha kutoa vumbi panga tangini kwa mapango mapango, kilo 25 hivi zinatosha. Yasiwe yaliyotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, yana saruji na rangi. Kisha tia punje ya dagaa au kamba mbichi aoze humo humo ili amonia, sumu inayotokana na kuoza, ipande, bakteria waizoee, igeuke naitraiti, halafu naitreti. Hiyo inachukua wiki 4 mpaka 6 na hakuna njia ya mkato, gao moja la mchanga mbichi kutoka kwenye tangi la mwenzio linasaidia kuharakisha. Usitie tumbawe kabla amonia na naitraiti hazijasoma sifuri mara mbili mfululizo.

Vipande vyenyewe unavipata wapi? Kwanza kwa mwenzio mwenye tangi, tuko wachache lakini tupo, na kila mwenye tangi lililokomaa anatafuta wa kumpa maana yanabanana. Pili kwa watu wanaokuza matumbawe kwa kamba na vitanda baharini, kule upande wa Jambiani kuna watu wanalima sponji na kukuza matumbawe, hata kama hawauzi utajifunza zaidi kwa kuangalia wanavyofunga kuliko kwa kunisoma mimi. Tatu, na hii ni kama tu umepewa ruhusa ya maandishi, vipande vilivyokwisha vunjika na nanga au mawimbi ya kusi vikawa vinabingirika mchangani, ambavyo vikiachwa vingi vinasagika au kufunikwa. Hivo okota, vya kidole tu, viwili vitatu, visivyo na doa jeupe, vya maji ya goti hadi kiuno maana hivyo vimezoea joto na jua kuliko vya kina kirefu. Kilichoshika mwamba kimeshika, hata kama unakiona kinalegalega.

Anza na nini? Yale ya ngozi, laini, Sinularia na Sarcophyton, yanavumilia makosa. Montipora ya sahani baadae. Pembepembe weka mwakani, tangi likiwa na miezi 12. Galaxea inang'aa kijani inavutia kweli, lakini usiku inatoa nyuzi ndefu inachoma kila jirani, iwekee nafasi ya sentimita 20 au usiiweke kabisa.

Kubeba: kila kipande na mfuko wake, mawili magumu yakigusana njiani yanachomana. Theluthi moja maji, iliyobaki hewa, ndani ya boksi la samaki bila barafu, kivulini, nyumbani ndani ya saa mbili. Ukifika usimimine moja kwa moja. Mfuko uelee nusu saa joto lilingane, kisha kila dakika kumi tia kikombe cha maji ya tangi, mara nne tano, halafu toa kipande, maji ya mfuko mwaga. Kikague kwa miwani ya kusomea: konokono wadogo weupe, minyoo bapa, mayai yaliyopangwa kama punje za ufuta, yote kwapua kwa koleo. Ukikata, tumia koleo kali au wembe kwa yale laini, chini bandika kijiwe kwa supaglu ile nzito, gundi inakauka hata ndani ya maji. Laini hayashiki gundi, yafunge kwa uzi juu ya kijiwe wiki mbili. Yaweke chini kabisa ya tangi kwanza, kwenye mwanga hafifu, wiki kwa wiki unayapandisha.

Hapa nisikilize vizuri. Vile vidogo kama vifungo vya shati vilivyopangana, Zoanthus na Palythoa, baadhi vina sumu kali sana. Vaa glavu na miwani, usikate ukiwa na kidonda, na KAMWE usichemshe jiwe lenye vitu hivyo ati unalisafisha, mvuke wake umeshalaza watu hospitali nyumba nzima. Na ukiwa ufukweni usiokote konokono wa umbo la pia lenye mapambo mazuri akiwa hai, anachoma na wengine wanaua.

Joto ndo vita yetu kubwa. Bahari yetu inashuka mpaka nyuzi 25 hivi mwezi wa nane na wa tisa, mwezi wa tatu inagonga 29 au 30, na tangi ndani ya nyumba ya bati linapita hapo bila kukuaga. Tumbawe likikaa wiki kadhaa nyuzi moja tu juu ya kiwango lilichozoea kiangazi linamtema yule mwani mdogo anayelilisha, linakuwa jeupe, ndo kilichoikuta miamba ya ukanda huu mzima 1998 na tena 2016. Lenga 26 au 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 hadi 3, kwenye kaskazi yenye unyevu inashusha pungufu ya hapo, basi punguza saa za taa na uziwashe usiku, tumbawe halijui saa.

Kwa chakula cha mfupa pima kalisi, iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na alkali 8 au 9 kwa kipimo cha dKH. Ikishuka watu wanatumia maji ya chokaa. Ndiyo, chokaa, ile ile aina ya tambuu, ila sio ya tambuu wala ya tanuri maana ina uchafu, tafuta ya daraja la chakula. Kijiko cha chai kimoja kwa lita 4 za maji ya RO, acha itue, yale maji maangavu ya juu, sio unga uliotua, unadondosha tone tone usiku. Ukimimina kwa pupa umeua vyote kwa dakika tano.

Umeme: nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua samaki. Ukikatika, kitu cha kwanza ni hewa, taa zinaweza kulala hata siku mbili, matumbawe hayatakasirika, lakini maji yaliyosimama usiku mmoja wa joto yanamaliza tangi.

Miezi mitano sita ikipita utaona ile ya ngozi imeshafungua mikono na kugusa kioo. Ikate sehemu ya kofia kwa wembe, moja tu, mama aachwe apone, maji yatachafuka na atajikunja siku mbili tatu usishtuke. Kile kipande kifunge kwenye kijiwe, kikishika mpe mtu mwenye tangi jipya, mfuko mmoja, theluthi ya maji.