Kabla hujawaalika majirani kutazama nyota Lubumbashi: mambo ya kuzingatia

Mwenye darubini anapojenga kibanda cha kutazamia anga ndani ya lupango lake, yaani uwanja wa nyumba yake, akili yake yote huwa kwenye kioo na paa. Siku akitaka kuwafungulia watu wa mtaa, lazima awaze upya. Usiku huo ni wa yule mama aliye wa ishirini kwenye foleni, ambaye hajawahi kuweka jicho kwenye darubini na atapata dakika moja tu. Kila unachoandaa, mwandalie yeye.

Anza na kalenda. Kiangazi chetu ni kirefu na mbingu hukaa wazi usiku baada ya usiku, lakini miezi yake si sawa. Agosti na Septemba moto wa porini huwaka pande zote, moshi na vumbi jekundu hupanda, na nyota za chini hufifia. Alika watu Mei, Juni au Julai. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na saa moja na robo giza limekamilika, hivyo hata mtoto wa shule ya msingi huona na kurudi nyumbani mapema. Waambie waje na makoti, maana usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10.

Kisha angalia Mwezi. Wengi huchagua Mwezi mpevu wakidhani ndio mzuri zaidi. Kwenye darubini ndio mbaya kuliko yote: mwanga unaupiga kwa mbele, vivuli havipo, na nyota hafifu zinamezwa. Chagua siku za robo ya kwanza, wakati mpaka wa nuru na giza unapita katikati ya uso wake na kila shimo lina kivuli chake. Kupatwa kwa Mwezi ni habari nyingine. Kwa kule kwa tarehe 28 Agosti 2026, hapa kwetu kivuli cha Dunia kinaanza kuuma Mwezi baada ya saa kumi na nusu alfajiri, na Mwezi unatua ukiwa umefunikwa karibu wote. Kwa tukio kama hilo unahitaji uwanja ulio wazi upande wa magharibi kuliko unavyohitaji darubini kubwa.

Kuhusu darubini yenyewe, jihadhari na vikalio, yaani vishikilio vya darubini, vinavyofuata mzunguko wa Dunia: mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota huonekana kupazunguka. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko chini sana, nyuzi 12 tu juu ya upeo, na hakuna nyota angavu ya kuionyesha. Vikalio vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya havishuki kiasi hicho. Mimi nashauri kikalio cha Dobson. John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa, alishiriki kuanzisha mwaka 1968 huko San Francisco kikundi cha kuonyesha nyota kwa wapita njia, na kikalio chake ni sanduku la mbao za plaiwudi linalozunguka na kuinama. Seremala yeyote mzuri wa Katuba anaweza kulitengeneza.

Kibanda kisiwe cha matofali mazito. Tofali hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku, na hewa hiyo ya moto hufanya picha itetemeke. Mbao au mabati yanatosha, na paa lisukumwe pembeni juu ya reli. Lifungue kabla ya Jua kuzama ili kioo kipoe. Ukijenga nguzo ya zege ya kubebea darubini, iache bila kugusana na sakafu, la sivyo kila hatua ya mgeni itaonekana kwenye Zohali.

Sasa foleni, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Anga husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa lenzi inayoonyesha kipande cha anga chenye upana wa nusu ya nyuzi, kitu ulichokiweka katikati kinafika ukingoni baada ya dakika moja hivi. Maana yake ni kwamba ukiwa na Dobson, ambayo haifuati anga yenyewe, lazima urekebishe kila baada ya mtu mmoja; wa tatu akikuta giza tupu ataona aibu kusema, atasema "nimeona" na kuondoka. Muulize kila mtu ameona nini. Tumia lenzi ya ukuzaji mdogo. Weka kiti mbele, mgeni ashike mgongo wa kiti badala ya kushika bomba la darubini, na kigoda kwa watoto. Mtoto asiyeweza kufumba jicho moja alizibe kwa kiganja. Wazee wenye miwani wajaribu kwanza bila miwani huku wewe ukirekebisha lenzi. Watu 60 kwa darubini moja ni zaidi ya saa moja ya kungoja kwenye baridi. Alika nusu yao, au tafuta darubini ya pili.

Vitu vitatu kwa usiku vinatosha. Juni ningechagua Mwezi, nyota Alfa Sentauri ambayo jicho huiona moja na darubini ndogo huigawa mbili, na kundi la nyota la Omega Sentauri. Waambie kabla kwamba hilo kundi ni ukungu wa kijivu, maana wamezoea picha za rangi kwenye simu. Ukungu huo ni mamilioni ya nyota. Mtu akilijua hilo kabla ya kuinama, atakaa kwenye lenzi kwa muda zaidi.

Usisahau ruhusa. Watu wamekusanyika gizani kuzunguka bomba refu jeusi: askari wa doria hana namna ya kujua ni nini. Mwone shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) mapema, mwalike yeye na familia yake, na wape habari polisi. Kalamu za mwanga wa leza zisielekezwe kwenye ndege zinazoshuka uwanja wa ndege wa Luano. Jirani mwenye taa kali ukutani umwombe aizime kwa saa mbili, na tochi zenu zifunikwe plastiki nyekundu, kwani macho huhitaji kama dakika 20 au zaidi kuzoea giza.

Shule zikitaka kuja mchana kutazama Jua, chujio la Jua lifungwe mdomoni mwa darubini, upande wa angani, kamwe si kwenye lenzi ya jicho, ambako joto hulipasua. Likague kila asubuhi kwa kulielekeza kwenye Jua ukitafuta tundu huku umevaa miwani ya kupatwa kwa Jua. Darubini ndogo ya kulengea iondoe kabisa. Na mtu mzima mmoja asibanduke pale, hata kwenda kunywa maji.