Kabla hujachapisha fulana: ya kuzingatia ukitaka kuanza biashara ya kusafisha madirisha Dar

Watu wengi wakipata wazo la kampuni ya usafi, kitu cha kwanza wanatafuta dogo wa kuwachorea logo, halafu fulana, halafu wanafungua peji Instagram, wiki ya pili wanauliza mbona wateja hawaji. Mi naona hii kazi ya vioo vya madirisha ina jambo moja la kukubali mapema: unaomba mtu akufungulie geti na akuache uingie mpaka chumbani kwake, maana dirisha la chumbani huwezi kulimaliza ukiwa uani. Kwa hiyo brandi yako yote inajibu swali la mama mwenye nyumba, hawa vijana ni kina nani na wakivunja kitu nampigia nani. Ukishalijibu hilo, logo hata ikiwa ya kawaida inatosha.

Tuanze na jina. Chagua jina ambalo mlinzi wa getini anaweza kulitamka akipiga simu ndani. Ukijiita jina la Kizungu lenye maneno manne, mlinzi atasema tu "wamekuja watu wa usafi", na hapo tangazo la bure limepotea. Kabla hujalipenda sana litafute kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, uone kama liko wazi, linalofanana na la mwenzio linaweza kukataliwa, na angalia pia Instagram na Google maana kuna watu wanafanya kazi bila kusajili kabisa. Ukitaka kuweka neno "kioo" jua kwamba Dar tayari kuna Kioo Limited, kiwanda kikubwa cha chupa, sasa usijitafutie kesi. Kusajili jina la biashara ni 15,000 na ada ya mwaka 5,000, sio hela ya kukuumiza kichwa. Ila wengi hawajui kwamba kusajili jina sio kulinda alama ya biashara, alama ni maombi mengine hapo hapo BRELA (huduma za usafi wa majengo ziko daraja la 37), na ukiwa na ndoto za hoteli za Zanzibar kule unasajili upya kwa BPRA, wasajili wa biashara wa Zanzibar. Hilo la alama linaweza kusubiri, jina lisisubiri.

Makaratasi mengine ni TIN, namba ya mlipa kodi ya TRA, hii ni bure ukiwa na namba ya NIDA, na leseni ya biashara ya manispaa ambayo siku hizi unaombea kwenye mfumo wa TAUSI. Wateja wa nyumbani hawatakuuliza hivo vitu. Ofisi watauliza, na watataka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, na mhasibu wao hatakulipa kwa sababu tu kioo kinang'aa. Kama mko kikundi cha vijana au akina mama fuatilieni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayogawanywa 4 vijana, 4 wanawake, 2 wenye ulemavu, na mkitaka tenda za serikali mjisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni.

Sasa bei, hapa ndo wengi wanazama. Video za wazungu mtandaoni zinaonyesha jamaa anapitisha ule mpira wa kukaushia maji mara mbili tatu kioo kimeisha, anahesabu hela. Dirisha la Dar lina grili ya nondo kwa nje au kwa ndani, lina wavu wa mbu umejaa vumbi la mwaka mzima, lina reli ya alumini yenye mchanga na mbu waliokufa, na kioo chenyewe ni cha kuteleza kwa hiyo vioo viwili vinapishana na pale katikati mkono hauingii. Ukisema bei ya "dirisha" bila kufafanua, mteja anaelewa vyote hivo na wewe ulimaanisha kioo tu, ugomvi unaanzia hapo. Andika bei kwa vipande: kioo pande mbili bei hii, wavu kutoa na kuosha bei hii, grili kufuta bei hii, reli bei hii. Na uende kuangalia kwanza, au mwambie akutumie video ya WhatsApp akizunguka nyumba, usikubali "nyumba ya kawaida tu vyumba vitatu" maana utakuta kuna ukuta mzima wa kioo kwenye ngazi. Tuseme nyumba inawatumia watu wawili siku nzima, basi bei lazima ibebe posho ya wawili, chakula, bajaji ya kubeba ngazi kwenda na kurudi, sabuni, na kitu kinachobaki kwa ajili ya kununua vifaa vipya, kama hakibaki hiyo ni kazi ya kibarua yenye logo.

Maji nayo usiyachukulie poa. Nyumba nyingi zinatumia kisima na visima vingi vya Dar vina chumvi, ukioshea maji hayo yakakaukia juani kioo kinabaki na madoa meupe mabaya kuliko vumbi ulilolikuta. Beba madumu yako ya maji yasiyo na chumvi, hata ya mvua, angalau ya kumalizia. Siki inasaidia madoa mepesi. Yale yaliyokaa miaka mwambie mteja mapema kwamba yanaweza yasitoke yote. Na usifute kioo kinachopigwa na jua, sabuni inakauka kabla hujaivuta, asubuhi anza upande wa magharibi halafu mchana jua likishageuka uende mashariki.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mpira wa kukaushia wa sentimita 35 hivi na raba za akiba (raba ikichakaa inaacha mistari, watu wanalaumu sabuni), kifaa cha kupakia maji, vitambaa vya maikrofaiba, sabuni ya vyombo matone machache, brashi ndogo ya reli, ngazi. Wembe wa kukwangulia rangi na saruji uwe nao ila uuogope. Nyumba zinazotoka kujengwa ndo zenye hela na ndo zenye hatari, kioo kilichoimarishwa kwa moto kinaweza kupata mikwaruzo ukikwangua kavu, na kwenye tinti wembe usipeleke kabisa. Piga picha mikwaruzo iliyopo kabla ya kugusa, mtumie mteja, usubiri ajibu "sawa". Hiyo meseji itakuokoa.

Urefu: anza na nyumba za chini na ghorofa moja, basi. Ngazi kwa kila mita 4 za kupanda mguu wake utoke mita 1 kutoka ukutani, mtu mmoja ashike chini, na angalia waya wa umeme kabla hujasimamisha ngazi ya alumini. Maghorofa ya Posta na kuning'inia kwa kamba ni kazi ya watu wenye mafunzo, bima na taratibu za OSHA, wakala wa usalama kazini, usidanganywe na dau.

Ndo sasa tunafika kwenye fulana. Polo ya rangi iliyokolea, nyeupe itakuaibisha saa nne asubuhi, jina mgongoni kwa herufi kubwa na namba ya simu, kitambulisho chenye picha shingoni. Usiku wa kuamkia kazi mtumie mteja majina na picha za wanaokuja. Wabebe malapa safi ya ndani au mifuko ya kuvaa juu ya viatu, hicho kitu kidogo kinasimuliwa kwenye magrupu ya mtaa kuliko tangazo la kulipia. Lipa Namba iwe na jina lile lile la biashara, mteja akiona jina la shangazi yako kwenye skrini anasita. Picha za kabla na baada piga kioo tu, usirushe mtandaoni sebule ya mtu bila ruhusa yake.

Mwisho kalenda. Miezi ya kiangazi vumbi ni jingi na kazi ipo, nyumba za Msasani na Mbezi Beach zinapata chumvi ya bahari muda wote kwa hiyo hao wauzie mkataba wa kila mwezi. Masika ndo inatesa. Wengine wanaahidi mvua ikinyesha ndani ya siku 2 wanarudi kufuta nje bure, ahadi nzuri ila iandike kwamba haihusu Machi mpaka Mei, la sivyo Aprili yote utaifanya bure. Halafu kabla ya Idd na Krismasi kila mtu anataka madirisha kwa wiki ile ile, pokea oda mapema kwa advansi, na usichukue nyumba nyingi kuliko ngazi ulizonazo.