Jinsi ya kutoa hadithi kwenye maisha ya watu, na isichuje mapema

Wengi wakitaka kuandika kuhusu hali ya maisha wanakimbilia tukio, bomoabomoa, mgomo, ajali, wanaandika wiki ileile watu wakiwa bado wana hasira, baada ya miezi kadhaa hakuna anaeisoma tena. Mi naona tukio linapita tu, kinachobaki ni nani anamtegemea nani ili apate kula. Anzia hapo.

Chukua riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi. Ilitoka 1979, inahusu makuli wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948 enzi za Muingereza. Mkoloni keshaondoka zamani, lakini deiwaka wa daladala, yule wa kibarua cha siku, akiisoma leo anajiona humo, maana hali ya kuamka hujui kama leo utapata kazi anaijua vizuri sana.

Sasa fanya hivi, chagua kijiwe kimoja tu, tuseme cha bodaboda. Kaa nao, kunywa kahawa, rudi tena na tena, na simu usiitoe kurekodi bila kuomba. Usiulize "maisha yakoje", utajibiwa "tunapambana" basi. Uliza hela. Hesabu ya bosi, yaani hela anayompelekea mwenye pikipiki, kwa siku bei gani, mafuta, pancha, anabaki na nini mkononi, akiumwa siku tatu hesabu inaendaje, na kama pikipiki ni ya mkataba, analipa kidogo kidogo mpaka iwe yake, akishindwa mwezi wa mwisho inarudi kwa nani?? Hilo swali la mwisho peke yake ni hadithi nzima.

Halafu nenda upande wa pili, watu hawaendi huko na ndo kwenye utamu. Bosi mwenyewe unaweza kukuta ni mama wa duka, pikipiki kanunua kwa mkopo wa kikundi, rejesho kila wiki, asipolipa wanakuja kubeba friji. Ukishayaona hayo huwezi tena kumuandika kama katili wa kwenye sinema, na ugomvi wao unauma zaidi coz wote wana haki.

Majina badilisha, kijiwe hamisha, changanya watu watatu wawe mmoja, tafadhali usimuanike mtu aliyekuamini. Dereva wako mpe na mambo mengine, wivu, mchumba, ubishi wa Simba na Yanga, asiwe umaskini unaotembea. Hotuba kata, na kama imekushinda kuiacha weka mtu wa kumbishia.

Ukimaliza, kwenye kopi ya pembeni futa bei zote, mwaka, jina la mtaa, kisha soma. Kama ugomvi umekufa ujue uliandika habari, rudi kijiweni. Kama bado umesimama, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa mpaka bei ya lita ya petroli, atakaeisoma miaka 30 mbele atataka kujua.