Lab ya majaribio kwa mashine za mtumba, bila kuangusha mtandao wa watu

Wadau, kama unataka pa kujaribia vitu kabla hujavipeleka kwenye seva ya kazini, huhitaji raki nzima. Chukua desktop 2 za mtumba, zile ndogo za ofisini zinazojaa Kariakoo, ila uliza kwanza zinabeba ramu ngapi, maana ukishaanza kupandisha VM (kompyuta pepe zinazokaa ndani ya mashine moja) ramu ndo inaisha mapema, prosesa inakaa tu inashangaa. GB 32 unapumua. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uwashe VT-x, ndo inayoiwezesha prosesa kubeba VM, kwenye AMD utaiona imeandikwa SVM, wengi wanasahau hapo halafu wanailaumu Proxmox, yaani mfumo wa kuendeshea hizo VM.

Storeji: SSD ndogo ya mfumo, halafu diski 2 zinazolingana za mirror ya ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili, hapo unaandika kitu kilekile kwenye diski zote 2). Diski ya mtumba usiiamini kwa maneno ya muuzaji, piga smartctl -a, amri ya kusoma afya ya diski, uangalie mstari wa Reallocated_Sector_Ct (sehemu zilizoharibika zikahamishwa), namba ya mwisho ikizidi 0 mrudishie. Na mirror sio bakapu jamani, ukifuta faili limefutika kote.

Sasa mtandao, hapa ndo pana vituko. Nunua swichi inayokubali VLAN (kugawa swichi moja iwe mitandao iliyotengana), majaribio yakae VLAN yake peke yake. Mimi niliwahi kuwasha DHCP ya majaribio (huduma inayogawia mashine anwani za IP) kwenye swichi ya ofisi, dakika chache tu mhasibu kaja na laptop mkononi, "kaka, mbona intaneti imekata?", kuangalia IP yake naona 10.99.0.14, yaani ni ile renji yangu mwenyewe! Nikakausha, nikaenda kuchomoa waya kimyakimya.

Ukikrimpu waya wa mtandao mwenyewe (kubana plagi kwenye ncha zake) mpangilio ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Link ikigoma kwenye Mbps 100 badala ya 1000, anza kukagua bluu na kahawia, kwasababu 100 inatumia chungwa na kijani tu, gigabit inataka jozi zote 4.

Umeme mnaujua wenyewe, weka UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika.

Kabla hujaweka kitu cha maana zima mashine, chomoa diski moja ya mirror, washa, amri ya zpool status itakuandikia DEGRADED, yaani mirror imepungukiwa diski ila bado inafanya kazi. Zima tena, irudishe, washa, subiri imalize kuresilva (kunakili upya data kwenye diski iliyorudi), ikionyesha 0 errors ndo uanze kupandisha VM zako.