Somo: Jinsi ya kupata picha safi kwa kamera ndogo ya dijitali

Habari zenu wakuu. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Kamera yangu ina megapikseli 16, mbona picha za ndani zinatoka na chenga (vidoadoa)?" Mara nyingi kamera ni nzima. Imeachiwa tu ijiamulie kila kitu, na ikiachiwa hivyo hukosea zaidi kwenye ISO, yaani namba ya kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ilioupata. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Kwanza tuelewane kuhusu sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera ndogo nyingi zina sensa iitwayo 1/2.3, yenye upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha 4.6. Sensa ya kamera kubwa za fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, eneo lake ni kama mara 30. Kwa hiyo sensa yako inapata mwanga kidogo sana. Mwanga ukipungua, kamera hupandisha ISO, yaani hukuza ishara hafifu pamoja na uchafu wake, na hizo ndizo chenga. Baada ya hapo programu ya ndani hujaribu kuzifuta, lakini inafuta pia nywele, nyuzi za nguo na majani ya mti. Uso wa mtu unabaki kama umepakwa nta.

Hatua ya 1: Toka kwenye Auto. Zungusha gurudumu hadi P. Kamera itaendelea kukupangia shata (muda ambao mwanga unaingia) na tundu la lenzi, ila ISO na mambo mengine utayashika wewe. Kama gurudumu halipo, tafuta P ndani ya menyu.

Hatua ya 2: Shika ISO. Juani weka 100, au ndogo kabisa uliyonayo. Mawingu au kivuli, 200. Ndani karibu na dirisha, 400. Usiku, 800, na kwa sensa ya ukubwa huu mimi hukomea hapo. 1600 naitumia pale tu ambapo bila hiyo picha haipatikani. Kama menyu yako inaruhusu kuiwekea Auto ISO kikomo, weka 800 ukaipumzishe akili.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukishusha ISO, shata inakaa wazi muda mrefu zaidi. Bonyeza kitufe nusu, usome namba kwenye skrini. Ukiwa hujavuta zumu, 1/30 ya sekunde inashikika kwa mkono uliotulia, na kizuia mtikisiko kikiwashwa hata 1/15 inawezekana. Lakini kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi unayempiga. Mtu anayeongea na kugeuka anahitaji angalau 1/125. Namba ikiwa chini ya hapo, pandisha ISO bila kusita. Picha yenye chenga lakini iliyotulia ni afadhali kuliko laini iliyotikisika. Chenga unaweza kuzipunguza baadaye kwenye kompyuta, mtikisiko hauna dawa.

Fanyeni jaribio hili, nawasihi. Weka kamera mezani, elekeza kwenye kitu chenye maandishi madogo, na upige kwa 100, 200, 400, 800 na 1600. Fungua kwenye kompyuta, kuza hadi asilimia 100. Pale maandishi yanapoanza kuyeyuka ndipo kikomo cha kamera yako, na namba hiyo izingatie kuliko yoyote niliyoitaja mimi.

Hatua ya 3: Zima zumu ya dijitali. Hiyo inakata tu katikati ya picha na kuitanua. Hata zumu halisi ya lenzi ina gharama: lenzi nyingi huanza f/3 hivi (namba ya f ni ya tundu la lenzi, ikikua tundu linakuwa dogo), na ukivuta mwisho zinafika f/6, maana yake mwanga unabaki robo. Kamera nayo inapandisha ISO kufidia. Ukiweza kusogea kwa miguu, sogea.

Hatua ya 4: Ukubwa na ubora. Hivi ni vitu viwili. Ukubwa ni idadi ya pikseli. Ubora ni kiasi ambacho JPEG inabana picha, na huibana kwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8. Ukibana sana vijisanduku hivyo vinaonekana angani na kwenye ngozi. Weka vyote juu kabisa.

Hatua ya 5: Alama ya +/-, ya kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha. Kamera hupima kana kwamba kila kitu kina kijivu cha wastani. Mtu akiwa mbele ya dirisha uso unakuwa mweusi, basi weka +1. Anga jeupe likimezwa, weka -0.3 au -0.7, kwa sababu sehemu iliyoungua kuwa nyeupe tupu hairudi.

Hatua ya 6: Mizani ya weupe, yaani kurekebisha rangi kulingana na aina ya mwanga. Auto inatosha mchana. Chini ya balbu za njano chagua alama ya balbu.

Na futeni lenzi kwa kitambaa laini. Alama ya kidole hufifisha picha nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba f/8 inaleta picha yenye makali zaidi. Niitumie?

Jibu: Ushauri huo ni wa kamera kubwa, mkuu. Kwenye sensa ndogo, mwanga ukipita tundu dogo kiasi hicho hutawanyika na picha inalainika. Baki kati ya f/2.8 na f/4 kama lenzi yako inaruhusu.

Swali: Kamera yangu haina RAW (faili ghafi ambayo kamera haijaisafisha). Kuna namna ya kuzuia ile sura ya nta?

Jibu: Angalia kwenye menyu kama kuna kiwango cha kuondoa chenga, kishushe hadi chini. Kiwango cha kunoa makali ya picha nacho kishushe kidogo. Chenga zitaonekana zaidi, lakini nywele zitabaki nywele, na utazisafisha mwenyewe kwenye kompyuta kwa kadiri unayotaka.

Swali: Watoto wakicheza ndani wanatoka ukungu hata kwa ISO 800.

Jibu: Mwanga hautoshi, ndugu yangu. Wasogeze dirishani, au washa flashi ukiwa ndani ya mita 3. Mwako wake ni mfupi mno, unamgandisha mtoto hata shata ikiwa 1/60.

Swali: Na majengo usiku?

Jibu: Stendi ya miguu mitatu, ISO 100, kizuia mtikisiko kizimwe, na taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Shata ya sekunde nzima au zaidi hapo haina tatizo, jengo halitembei.