SOMO: Hii filamu watoto wanaweza kuiona? (Soma kabla ya kuuliza tena)

Kila Ijumaa jioni mtu analeta picha yenye joka na mtoto mwenye upanga, anauliza kama ni ya watoto. Picha ya jalada haisemi kitu. Hatua zote ni hizi. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Pata jina kamili na mwaka. Majina yanafanana.

2. Linganisha dakika. Faili la kwenye flashi likizidi urefu ulioandikwa kwenye intaneti kwa dakika sita ao kumi, huenda una toleo refu, na alama ya umri uliyosoma si yake.

3. Soma alama ya umri, lakini ujue inasema nini. PG-13 ya Marekani, iliyoanza 1984, ni onyo kwa wazazi wa watoto chini ya miaka 13, haimzuii mtoto kuingia. Ya Uingereza ina maelezo zaidi: U ni kuanzia miaka 4 hivi, PG isimsumbue mtoto wa miaka 8 hivi. "Tous publics" ya Ufaransa maana yake hakuna aliyekatazwa, si kwamba ilitengenezwa kwa watoto. Kwenye chaneli za Kifaransa tazama kona ya kioo: duara jeupe lenye -10, yaani haifai chini ya miaka 10.

4. Soma maelezo, si nyota. IMDb, tovuti ya habari za filamu, ina ukurasa wa wazazi wenye sehemu tano. Anzia ya mwisho, ya matukio ya kutisha. Ni maandishi tu, hayali megabaiti.

5. Onja mwenyewe, NA SAUTI, kwenye bafle lile lile watakalosikia watoto. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Filamu ya dakika 120: tazama 0 hadi 15 (baba ao mama wa shujaa mara nyingi hufia hapo), 55 hadi 65, kisha 90 hadi 115. Usionje kwa simu: kispika chake hakitoi besi, na mnyama aliyekoroma kama paka kwenye simu atatetemesha benchi sebuleni. Usizime sauti ili usiamshe nyumba, kwa sababu hofu nyingi inakuja kwa sikio kabla ya jicho. Usiruke ukifuata vipicha vidogo vinavyotokea chini ya kioo unaposogeza filamu, maana kinachotoka gizani hakionekani kwenye kipicha. Trela usiitegemee, imekatwa ili kuuza. Tena, sauti uiweke pale mlipuko unapovumilika, si pale mnong'ono unaposikika. Ukipandisha kwa ajili ya mnong'ono, mlipuko utawakuta hapo hapo.

6. Pima kwa umri. Chini ya miaka 7 mtoto anaogopa sura: uso unaogeuka mnyama, hata kama mnyama ni mwema. Kumwambia "si kweli" hakusaidii sana, mpakate. Kuanzia 8 anaogopa kinachoweza kutokea: mama kufa, kupotea njiani.

7. Hii ni ya sisi wa Goma. Filamu hizi zinapenda mlima unaotema moto. Mtoto aliyeona anga jekundu tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, na kukimbia na godoro kichwani haoni hadithi pale. Milio ya vita vivyo hivyo, baada ya Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Ukikusanya watoto wa majirani, waulize wazazi kwanza.

MASWALI

Mama Neema: Yangu ni PG. Niweke?
— Hatua ya 3 na ya 6, mama. Miaka ya mtoto hukuandika.

Kijana wa Birere: Maneno mengi! Ndiyo ao hapana?
— Basi hapana.

Mwalimu wa Ndosho: Faili langu ni dakika 115, intaneti inasema 120. Wamekata nini?
— Swali zuri, mwalimu. Pengine hakuna. Sinema inapita picha 24 kwa sekunde; zikigeuzwa kwa televisheni za Ulaya zinapita 25. Gawa 120 kwa 25, zidisha kwa 24: unapata 115 na kidogo. Ikipungua zaidi ya hapo, peleka mwisho uone kama majina yanapita yote.

Yaya wa Katindo: Na zile zenye mtu anayetafsiri juu kwa Kiswahili?
— Yaya, hizo onja dakika nyingi zaidi. Mtafsiri anaongeza matusi na utani wake, na alama ya umri haimhusu.

Baba Amani: Wangu wanaona vyote, hawaogopi hata kidogo.
— Papa, sikusema ni waoga. Angalia kama usiku wanakubali kwenda chooni peke yao.

Mama Neema: Samahani, ana miaka 5. Niko na swali lingine: umeme ukikatika katikati ya vita vya mwisho?
— Asante mama, hiyo niliisahau. Atalala na zimwi ambalo halijashindwa. Malizia kwa mdomo palepale, gizani: nani alishinda, nani alirudi nyumbani. Ndiyo maana kwenye hatua ya 5 unafika hadi dakika ya 115. Na kwa miaka 5, PG bado. Anza na U.